Fimbo za Baba, Mwili wa Mzee Mugo

Jumanne, 8 Aprili

…na ndipo nikamwambia Burhani kwamba hapana, mume wangu, baba havai saa, hapendi suti, na ile kanzu uliyompa siku ya harusi bado imo ndani ya mfuko wake. Ukitaka zawadi ya kumgusa baba yangu, mguse kwenye gofu. Nilikuwa nakata vitunguu na nilisema kwa mzaha tu. Burhani akaacha kula, akanitazama kwa yale macho yake ambayo hata baada ya miezi mitatu ya ndoa bado yananifanya nisahau nimeshika nini mkononi.

"Kwani fimbo za gofu hupimwa kwa mtu, kama nguo?" akauliza.

"Hupimwa. Baba amewaona wenye uwezo wakipimiwa. Urefu, uzito, mshiko, kila kitu."

"Basi tutampimia."

Swalha rafiki yangu, uliponipa daftari hili uwanja wa ndege ulisema niandike kama vile nakusimulia wewe. Haya. Unajua baba amebeba mifuko ya fimbo za watu kwenye kiwanja cha gofu cha pale Morogoro kwa miaka thelathini na nne. Jumatatu kiwanja kinapofungwa kwa wanachama, makedi, yaani wabeba mifuko kama baba, huruhusiwa kucheza, na baba hucheza na fimbo tisa alizoachiwa na watu: ya daktari Mjerumani aliyerudi kwao, ya mhasibu aliyehamishiwa Tabora, moja aliiokota mtoni. Zilizokuwa ndefu alizikata kwa msumeno na kuzungushia mpira wa baiskeli. Fimbo tisa, wenyewe tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kimo cha baba.

Unajua pia kwamba baba hasemi na mume wangu. Burhani alimwahidi tutakaa Dar mwaka mzima kabla ya kuja huku China. Visa yangu ikatoka mapema, tukaondoka siku ya ishirini na mbili baada ya harusi. Baba alisema "sawa" na tangu hapo hajamwambia Burhani neno jingine. Mume wangu mpole huyu, anayenikaushia viatu kwa mashine ya nywele kwa sababu mwezi huu kuta za Guangzhou zinatoa jasho, hana kitu anachokitaka duniani kuliko baba yangu amwite mwanangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Kila Ijumaa baba akitoka msikitini tunampigia, huku kwetu ni saa moja jioni. Nikaongea naye vizuri. Nikasema, "Baba, Burhani yupo hapa anataka kukusalimia." Baba akasema, "Mtandao unakatika, mama." Ukakatika.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nilikwenda naye soko la Shisanhang kununua magauni. Nampenda akiwa kazini. Wauzaji wa pale wamechoka tangu alfajiri, lakini akiita "laoban" kwa ile sauti yake, bosi wa duka anacheka hata kabla ya kutaja bei.

Nimejifunza jambo. Wateja wake wa Kariakoo hawampi vipimo. Humwambia, "Nataka la shemeji yangu, mrefu kiasi, kifua kikubwa." Basi yeye husimama katikati ya soko na kutafuta mwanamke wa umbo hilo, Mchina, Mkongo, yeyote, humwomba kwa adabu ajaribishe gauni, kisha humnunulia chai. Anauita mwili wa kuazima. Anasema katika miaka sita hakuna gauni lililorudishwa.

Mama mmoja wa Kinshasa alizunguka mara mbili na gauni la shemeji wa mtu, akasema ataolewa nalo. Tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Jumatano, 16 Aprili

Tumempata fundi wa fimbo. Anaitwa Liang, watu wanamwita Liang Shifu, ambayo ni kama kusema fundi Liang kwa heshima. Karakana yake iko ghorofa ya tatu, ina wavu mkubwa wa kupigia mipira, kamera mbili na ukuta mzima wa mipini bila vichwa. Mzee mkavu, miwani juu ya paji la uso.

Burhani akamweleza kwa Kichina chake cha sokoni. Liang akasikiliza, akauliza mwenye fimbo yuko wapi.

"Afrika," Burhani akasema.

"Bu xing," akasema Liang, yaani haiwezekani. Akarudi kwenye kazi yake.

Mume wangu hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda kwa muda wa saa nzima, akimpokeza Liang vitambaa na misumari, hajaombwa. Mwishowe akasema, "Nikikuletea mtu mwenye mwili ule ule?" Liang akashusha miwani ili amwone vizuri. Akasema mlete, lakini nitatengeneza fimbo moja tu kwanza, namba saba, ile ya masafa ya kati. Aliyeko Afrika akiikubali, nitamaliza zilizobaki.

Ijumaa, 18 Aprili

Mtandao ulikatika.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Tunatafuta baba mwingine.

Jumanne, 22 Aprili

Bado. Burhani alimfuata Msomali mmoja nje ya msikiti hatua mia mbili mpaka yule mzee akageuka na kumuuliza kama anamdai.

Alhamisi, 24 Aprili

Swalha, nimempata mimi. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yamejaza wageni mjini na nilikuwa nashuka ngazi za kituo cha treni nikamwona baba mbele yangu. Mabega yale, shingo ile, mkono wa kulia unaoning'inia mbali kidogo na mwili kama ulioshika kitu. Nikaita, "Baba!" Akageuka, kumbe ni mzee mwingine kabisa, mwenye ndevu nyeupe na kadi ya maonyesho shingoni. Nilikuwa nimekwisha kutokwa machozi, ikabidi nimweleze.

Anaitwa Mugo, ni mfanyabiashara wa Nairobi, ananunua mabegi ya shule. Alinisikiliza mvua ikitupiga wote wawili.

"Mimi sijawahi shika hiyo kitu ya gofu hata siku moja," akasema.

"Hatutaki uijue, mzee wangu. Tunataka mwili wako tu."

"Mke wangu alisema hivyo miaka thelathini iliyopita. Sawa, nitakuja Jumamosi."

Jumamosi, 26 Aprili

Sijacheka hivi tangu niolewe, na nimecheka sana tangu niolewe.

Mzee Mugo alifika na koti lake zuri la kanisani kwa sababu alisikia gofu ni ya watu wa heshima. Liang alimvua koti, akampima kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha upana wa kiganja na urefu wa vidole. Burhani alikuwa akiandika kila namba huku ameshika kalamu kama mtu wa mtihani. Kisha Liang akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo na kuweka ubao mweusi sakafuni. Ukipiga, alama inabaki kwenye utepe. Ikiwa katikati, fimbo inakufaa. Ikiwa upande wa kisigino, karibu na mpini, fimbo imekuzidi.

Mzee Mugo akapiga hewa. Akapiga zulia. Akapiga ubao wenyewe ukaruka.

"Hii mpira inaniogopa," akasema.

"Haukuogopi, mzee, haujakuona bado," Burhani akamwambia.

"Wewe kijana, ningekuwa na nguvu ya kukimbia ningekuonyesha. Nyinyi Watanzania mnaomba kwa heshima mpaka mtu anashindwa kukataa, halafu mnamcheka."

Nikaona hatutafika. Nikasogea kumwonyesha anavyosimama baba. Alikuwa amejikunja mgongo kama anatafuta sarafu sakafuni, nikamwambia, "Simama wima, mzee wangu. Baba husimama wima kama mlingoti wa bendera."

"Mgongo wangu unataka kupinda, binti."

"Ukatalie kidogo tu."

Nikamnyoosha mabega. Nikamwambia Liang, kupitia kwa Burhani, kwamba baba ana nguvu mikononi, ampe mpini mgumu. Liang akanitazama, akanipa fimbo. Sijashika fimbo tangu kidato cha pili, wakati baba aliponifundisha nyuma ya nyumba kwa mapera machanga. Nikakaza mtandio, nikakusanya sketi kwa mkono mmoja, nikaiachia, nikapiga. Ile sauti, Swalha. Ukiipata sawasawa huisikii masikioni, unaisikia kwenye viwiko. Mpira ukaingia katikati ya wavu. Mzee Mugo akavua kofia. Burhani alinitazama kana kwamba amenioa upya, na nikaona haya mbele ya wazee wawili.

Liang aliuliza jambo moja tu kabla hatujaondoka. Je, tuna video ya baba akipiga, ya siku hizi? Nikasema hapana, kuiomba kutafichua zawadi, na tena haihitajiki, mimi namjua baba yangu kwa kichwa. Akaitikia, akaandika kitu kidogo kwenye karatasi yake.

Ijumaa, 2 Mei

Mtandao ulikatika. Leo niliona kitu ambacho nadhani kimekuwepo siku zote. Kabla ya simu Burhani alibadilisha shati. Alivaa kofia. Alikaa kando yangu mikono magotini kama mtu anayeposa, na nilipomwelekezea simu tayari alikuwa ameshasema "Shikamoo baba" kwa skrini nyeusi.

Kisha akavua kofia, akaikunja, akaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 7 Mei

Shahe, kwenye soko la jinzi, maji yamefika magotini, marobota ya jinzi yanaelea. Hatukufanya kazi. Tulikula nyama kwa uji wa mchele kitandani na kusikiliza mvua, na kama hivi ndivyo biashara inavyoharibika, basi iharibike tena kesho.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekasirika na baba. Naandika hivyo hivyo. Nilimwambia, "Baba, mtandao wetu huku ni mzuri sana." Akasema, "Wa kwetu mbaya." Kwa mara ya kwanza maishani nilikata simu mimi.

Burhani akaniambia, "Usimfanyie hivyo. Mimi ndiye niliyevunja ahadi."

"Ilikuwa visa tu, ilitoka mapema."

"Yeye alikuwa amejiandaa kwa mwaka, Hasna."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini ila kumpenda?

Jumatano, 14 Mei

Namba saba imekamilika. Nimeilaza mapajani njia nzima ndani ya treni. Liang amechonga jina la baba kwa herufi ndogo nyuma ya kichwa, MAULID. Murshid, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anakwenda nyumbani leo na ana mjomba Morogoro. Burhani aliifunga kwa khanga zangu mbili, akaifungua, akaifunga tena.

Ijumaa, 16 Mei

Sikumpigia.

Jumanne, 20 Mei

Imefika. Mwanahija, mdogo wangu, ameandika: "Baba kaipokea. Kaitazama sana. Kasema nzuri." Basi. Burhani amesoma ujumbe huo mara nne akitafuta neno lililojificha.

Ijumaa, 23 Mei

"Nimeipata fimbo. Mshukuru mwenzio," akasema baba. Nikasema mshukuru mwenyewe, huyu hapa. Mtandao.

Jumatatu, 26 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mwanahija amemrekodi baba leo kiwanjani, kwa siri, kutoka nyuma ya mti wa mwisho. Nilifungua video nikiwa jikoni na nilikuwa natabasamu tayari. Niliona mtu kwenye video, nikamtafuta baba karibu naye. Nilidhani baba yuko pembeni, atatokea. Ndiye yeye mwenyewe. Amepinda, Swalha. Mgongo umepinda kutoka katikati, na mkono wa kushoto ameushika kwanza kwa ule wa kulia akaupasha joto, kama unavyofanya na mkono wa mtoto, ndipo akashika fimbo. Alishika chini sana, nusu ya mshiko ilibaki juu ikimchoma tumboni. Akapiga. Kisigino cha fimbo kikachimba nyasi, mpira ukaenda kushoto. Akapiga wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Akaifuta fimbo kwa shati lake, pole pole, akailaza kwenye nyasi kama kitu cha kuazima, akachukua ile ya zamani yenye mpira wa baiskeli. Hiyo ikaenda moja kwa moja.

Nikampigia Mwanahija. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kabla ya harusi, dada. Aliacha kubeba mifuko mwezi wa pili. Alisema usiambiwe, una furaha yako."

Mwezi wa pili ndio tulioondoka.

Nilikaa sakafuni. Nimempimia fimbo mtu ambaye hayupo. Nimempimia baba wa mapera machanga, baba wa kidato cha pili, na nilikuwa na mwili wa kweli mbele yangu, mzee wa watu aliyeniambia mgongo wake unataka kupinda, nikamnyoosha kwa mikono yangu miwili. Na kwenye harusi nilikuwa wapi? Nilikuwa namtazama Burhani. Baba alikaa kwenye kiti siku nzima na nilidhani ni unyonge wa kuniachia.

Sasa naona hata ule mwaka mmoja. Hakuwa anampima mume wangu. Alitaka mtu mmoja zaidi karibu naye kwa muda, mpaka azoee, na kuomba hakuweza.

Burhani alipofika alinikuta palepale. Nilimwonyesha. Alitazama video mpaka mwisho, akaketi chini na mimi, viatu vimelowa, na hakusema kwamba si kosa langu. Alisema, "Twende kwa Liang kesho kutwa. Na tumwambie Mzee Mugo, tumemkosea."

Jumatano, 28 Mei

Mzee Mugo, ambaye bado anasubiri mabegi yake yashonwe, alikuja. Alitazama video na kunipigapiga begani. "Mimi nilikuambia, binti. Huyu mzee na mimi mgongo ni mmoja. Ni wewe ulitaka mlingoti."

Liang alitazama video mara tano. Kisha akafungua kabati. Mipini yote iliyobaki ilikuwa imesimama bila kukatwa, na karatasi ile aliyoandika siku ile imebandikwa juu yake. Burhani aliisoma: "Ngoja. Binti anakumbuka, hapimi."

Liang hakunicheka. Alisema hata hii video haitoshi, kwa sababu mkono unaouma huficha maumivu yake mbele ya watu na hata mbele ya mti. Anahitaji kuushika mkono wenyewe. "Mlete," akasema. Burhani akamwambia huyo mzee hata kuongea naye kwenye simu hataki. Liang akashusha miwani, akarudia neno lile lile.

Ijumaa, 30 Mei

Nilimpigia. Nilitaka kusema mengi. Nikasema tu, "Baba, mkono unaumaje?" Nikasikia kuku wa nyumbani. Akasema, "Asubuhi ndiyo mbaya." Hatukufika kwenye kisingizio cha mtandao. Alikata yeye, taratibu.

Burhani alikuwa na kofia yake.

Jumapili, 1 Juni

Leo si Ijumaa. Saa tisa alasiri simu ikalia na lilikuwa jina la baba. Baba hajawahi kunipigia yeye, husema vocha ni za vijana. Burhani alikuwa na singlendi na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Hasna," akasema baba, "mpe simu mume wako."

Niliinyoosha. Burhani alitazama mikono yake, akatazama kofia kule ukutani, akaipokea simu na povu lake. Nikaweka sauti juu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii fimbo ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Jina ni langu. Fimbo si yangu. Nimebeba fimbo miaka thelathini na nne, mwanangu, nikishika mpini najua mwenyewe ana kimo gani na amekula nini. Hii ni ya mtu mwenye afya. Alipimwa nani?"

Alisema mwanangu. Burhani alinitazama kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

"Alipimwa Mkenya, baba."

"Mkenya."

"Tulitafuta mtu mwenye mwili kama wako. Tulitafuta wiki nzima, msikitini, sokoni, kwenye treni. Hasna ndiye aliyemwona. Alilia ngazini akidhani ni wewe."

Nikadhani safari hii mtandao umekatika kweli. Kisha nikasikia kicheko kikianza mbali, kile cha kifuani ambacho kinaishia kwenye kikohozi.

"Mji mzima wa Wachina," akasema, "mnanitafuta mimi."

"Ndiyo, baba. Na baba, nilikuahidi mwaka mmoja."

"Ulikaa siku ishirini na mbili. Nilihesabu."

"Nisamehe."

"Huyo fundi amekata ngapi?"

"Hiyo moja tu. Nyingine zimesimama."

"Ana akili. Mwambie asikate. Hakuna fundi duniani anayempima mtu kwa mwili wa mwingine, hata kama ni Mkenya. Ile pasipoti niliyokata kwa ajili ya Umra ingali kabatini, haijagongwa hata muhuri mmoja. Nitafutie hiyo visa. Nataka nimwone na huyo aliyepimwa kwa niaba yangu."

"Lini, baba?"

"Mkono huu hausubiri. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa hapo mlangoni, inshallah. Na mwambie Hasna asininunulie koti, nitavaa ile kanzu uliyonipa."

Mtandao haukukatika. Aliaga, Burhani akaaga, wakaagana tena. Sasa mume wangu amekaa kwenye ngazi ya jikoni na simu yenye povu mapajani, nje mvua imeshika, na mimi naandika haraka kwa sababu nataka niende nikakae naye. Baba anakuja, Swalha. Kabla mwezi haujaisha.